Kuta za tela la kulala zinapoharibika: anza na gundi, usianze na msumari

Tela ninalozungumzia hapa ni la kujitengenezea: chasisi ya ekseli moja, juu yake chumba cha futi 8 kwa futi 5 au 6, kitanda, rafu mbili tatu, na kuta za matabaka matatu, yaani plaiwudi nyembamba nje, povu jeupe gumu katikati, plaiwudi nyembamba ndani. Huku Mtwara na Lindi wanaolitaka ni wengi kuliko mtu anavyodhani. Kuna mwenye mikorosho Tandahimba anayetaka kulala shambani msimu mzima, mpimaji wa ardhi, mfuga nyuki anayekaa wiki mbili porini Liwale, na familia inayopenda kulala Msimbati ufukweni.

Matatizo yanayoletwa ni yale yale, na karibu kila tela linalofika limeshaongezewa kitu: msumari hapa, papi (kipande chembamba cha mbao) pale, bati juu ya ufa. Naomba uelewe jambo moja kabla hujagusa nyundo. Plaiwudi ya milimita 3 peke yake utaikunja kama jamvi. Povu peke yake utalivunja kwa goti. Ukivibandika vikawa kitu kimoja na kuvilaza juu ya matofali mawili, mtu mzima anasimama katikati. Ukuta ukisukumwa, ngozi, yaani plaiwudi, ya upande mmoja inabanwa na ya upande wa pili inavutwa, na kazi ya povu ni kuzishika zote mbili zisiteleze. Kinachoshika ni gundi. Gundi ikiachia, umebaki na vibao viwili laini na godoro, hata ukivipigilia misumari mia.

Ndiyo maana ukuta huu unaweza kuwa mwepesi hivyo. Plaiwudi mbili za milimita 3, povu la sentimita 4 na gundi yake ni kama kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Plaiwudi moja nene ya milimita 18 hufika kilo 10 au 11, na joto inalizuia kidogo sana. Ukiongeza unene wa povu mara mbili, ugumu wa ukuta unapanda kama mara nne huku uzito ukiongezeka kwa chini ya kilo moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo ukitaka nguvu, nunua povu nene zaidi na gundi bora zaidi. Mbao ziache.

Ukuta umetuna, au ukiugonga unalia kama debe tupu

Hili ndilo kubwa, na nitakaa nalo.

Pima kwanza. Asubuhi kabla jua halijachoma, chukua sarafu na ugonge ukuta wote, kiganja kwa kiganja. Palipo pazima sauti ni nzito na fupi, na palipoachia panalia wazi. Zungushia chaki. Rudia saa nane mchana. Doa likiwa limekua mchana na kunywea usiku, hewa iliyonaswa ndani inapanuka kwa joto, maana yake gundi imeshaachia na kila siku ya jua inaendelea kufungua. Lisipobadilika, huenda pengo lilikuwapo tangu siku ya kubandika.

Sababu ya kwanza, inayozidi zote, ni gundi ya viatu na magodoro. Inapatikana kila duka, inanata haraka, na inakula povu jeupe. Vimiminika vilivyomo ndani yake huyeyusha polistirini, ambayo ndiyo povu jeupe lenyewe. Ukifungua ukuta unakuta povu limetafunwa, limejaa mashimo na kunywea milimita kadhaa, na plaiwudi inaning'inia hewani. Petroli hufanya hivyo hivyo, na resini ya kawaida ya fibaglasi, ya poliesta, pia. Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, haili povu. Gundi ya poliurethani, ile inayotoa kapovu kadogo inapokauka, nayo hailili. Kabla ya kununua gundi yoyote kwa wingi, paka kidogo kwenye kipande cha povu kilichobaki uache mpaka kesho. Uso wa povu ukikuta umebonyea, rudisha gundi dukani.

Ya pili ni gundi njema iliyowekwa vibaya. Mtu anapaka matone matone kama anabandika tangazo, au anapaka saa saba mchana kwenye jua la utosi, gundi inaanza kushika kabla plaiwudi haijalazwa. Gundi ienee uso mzima kwa kijiko chenye meno, kazi ifanywe alfajiri au jioni kivulini, na juu ziwekwe mifuko ya mchanga iliyosambaa kote. Mifuko minne kwenye pembe haitoshi, kwa sababu katikati ndipo panapotuna. Gundi ya poliurethani hukauka kwa msaada wa unyevu. Hapa pwani unyevu wa hewa kwa kawaida unatosha, ila kiangazi kule juu Newala futa plaiwudi kwa kitambaa kibichi kidogo kabla ya kupaka.

Ya tatu ni gundi nyeupe ya maseremala. Kwenye meza na kabati ni nzuri sana, lakini kwenye ukuta huu maji yake hayana pa kutokea kwa upande wa povu, hivyo inabaki laini siku nyingi. Baadaye joto huifanya iteleze polepole na unyevu huilainisha tena.

Ya nne ni rangi. Uso uliopakwa rangi nyeusi, kijani cha jeshi au buluu nzito unaweza kufika nyuzi 70 au kupita kwenye jua letu. Povu jeupe huanza kulegea na kunywea likikaribia nyuzi 80. Nimeona tela zuri, kazi safi kabisa, limeharibika upande wa magharibi tu, upande uliolitazama jua la jioni kwa miezi mitatu. Rangi nyeupe au ya maziwa ndiyo dawa.

Ya mwisho, na ni nadra, ni plaiwudi yenyewe kuachana tabaka. Niliwahi kununua mbao ishirini dukani nikaambiwa ni za kuhimili maji. Hazikuwa. Tangu hapo, kabla ya kununua naomba kipande, nakikata ukubwa wa kiganja, nakichemsha kwenye sufuria saa moja au mbili. Tabaka zikifunguka kama kurasa, hiyo ni plaiwudi ya ndani ya nyumba tu.

Matengenezo yanategemea ukubwa wa doa. Likiwa dogo kuliko sahani ya chakula, toboa matundu mawili ya milimita 3 kwenye ngozi ya ndani, moja chini ya doa na jingine juu. Vuta epoksi kwa bomba la sindano kubwa, sukumia kwenye tundu la chini mpaka ianze kuchungulia kwa juu, kisha kandamiza kwa ubao na nguzo ya kuegemeza mpaka kesho. Usiingize poliurethani kwa namna hii, kwa kuwa ikifura ndani itakuongezea tumbo. Doa likizidi sahani, kata ngozi mpaka sentimita 10 ndani ya sehemu nzima, kwangua gundi ya zamani, jaza povu lililoliwa kwa kipande kipya cha unene ule ule, na ubandike ngozi mpya. Kiungo cha ngozi kizibwe kwa ukanda wa kitambaa cha fibaglasi na epoksi, upana wa sentimita 8 au zaidi.

SIMAMA hapa: doa likigusa kona ambapo ukuta unakutana na sakafu, au likiwa kwenye ukuta wa mbele unaopigwa na upepo wa safari, usilivute tela barabarani. Mwite fundi aliyewahi kujenga boti za fibaglasi au bodi za magari, auone kabla hujasafiri.

Kuna maji au ukungu, na hujui yametoka wapi

Swali la kwanza ni moja tu: mvua ilinyesha? Maji ya mvua na maji ya pumzi yanafanana yakishakuwa doa, lakini dawa zake haziko pamoja.

Kama ilinyesha, tafuta kwa mpangilio huu, maana ndivyo yanavyojitokeza kwa wingi: ukingo wa juu wa dirisha, halafu matundu ya skrubu, halafu kiungo cha paa na ukuta, na mwisho ukingo wa chini unaorushiwa maji na tairi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, wa pili ashike mpira wa maji nje. Anzeni chini mpande juu, dakika tano kila mahali. Mkianza juu, maji yatateremka kote na hamtajua yalipoingilia. Kumbukeni pia kwamba maji husafiri kati ya ngozi na povu palipoachia, kwa hiyo doa la ndani linaweza kuwa nusu mita kutoka tundu lenyewe.

Watu wengi huongeza silikoni juu ya silikoni. Haishiki. Kwangua yote, futa kwa spiriti, kausha, ndipo uzibe upya. Na usitumie pati ngumu ya kuzibia kuta za nyumba. Waangalie mafundi wa majahazi, Mikindani au Kilwa: mbao za jahazi zinacheza baharini, kwa hiyo wao hukalafati kwa pamba na mafuta, kitu laini kinachokwenda na mbao. Tela nalo linacheza kila likipita tuta. Kizibio kiwe cha mpira, cha poliurethani kikipatikana, na kiungo kiachiwe nafasi ya milimita 3 au 4 ili kizibio kiwe na unene wa kuvutika.

Tundu la skrubu lina tiba yake, na ningependa kila mtu aijue. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, mara mbili au tatu, lijaze epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, acha ikauke kabisa, halafu toboa upya katikati kwa ukubwa wa skrubu. Sasa skrubu imekaa ndani ya kizibo kisichopitisha maji, na plaiwudi haiguswi. Hali kadhalika ukingo wowote uliokatwa, wa dirisha, wa mlango, wa chini, unyweshwe epoksi mara mbili kabla ya rangi. Plaiwudi hunywa maji kwa ukingo kama mrija.

Kama haikunyesha na asubuhi unakuta matone, hayo ni maji ya hewa. Watu wawili wakilala usiku mzima hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho, na hewa ya pwani tayari imejaa. Paa la bati lisilo na povu chini yake hupoa usiku wa mbingu wazi kuliko hewa yenyewe, na alfajiri linadondosha. Kuhakikisha, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani kwa tepu pande zote nne, ulale. Asubuhi ukikuta maji juu ya nailoni, yametoka hewani. Ukiyakuta chini yake, kati ya nailoni na ukuta, yanatoka ndani ya ukuta, rudi kwenye mpira wa maji.

Dawa ya maji ya hewa ni matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu upande wa pili, kila moja walau sentimita 10 kwa 15, yenye wavu wa mbu na kofia ya kuzuia mvua. Ukuta hauna kosa hapo, usiufungue.

Ukuta uliolowa usifunikwe ukiwa mbichi. Fungua ngozi ya ndani sehemu ya chini, weka tela kivulini penye upepo, subiri siku, hata wiki. Choma kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mbao imeoza, ikatwe.

Na hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao: usikaushe tela kwa jiko la mkaa ukiwa ndani, wala usilale na jiko ndani kwa sababu ya baridi ya Juni kule Newala au kwa kupikia mvua ikinyesha. Chumba hiki kimezibwa vizuri kuliko nyumba yoyote ya udongo. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Mtu akilalamika kichwa kumuuma na kichefuchefu ndani ya tela lenye moto, mtoeni nje kwanza, kisha mkimbizeni hospitali.

SIMAMA: sakafu ikiwa laini karibu na bolti zinazoshika chumba kwenye chasisi, hiyo si kazi ya gundi tena. Tela lisitembee mpaka fundi afungue.

Mchana ndani hakukaliki

Kabla ya kulaumu povu, panda juu uguse paa. Kwetu jua la mchana liko juu sana mwaka mzima, hivyo paa linapokea kuliko kuta, na bado watu huweka povu la sentimita 4 ukutani na sentimita 2 juu. Geuza: kama povu halitoshi, lile nene liende juu. Kisha tazama rangi, kama nilivyosema. Kisha dirisha lisilo na pazia la nje, kwa kuwa jua likishaingia kupitia kioo, povu hilo hilo linalizuia lisitoke.

Sababu iliyojificha ni chuma. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, na mkono wao huenda wenyewe kwenye skwea paipu, yaani paipu za chuma za mraba. Wanajenga fremu nzima ya chuma, wanajaza povu katikati ya nguzo, na nguzo zinagusa ngozi zote mbili. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu, na alumini imezidi hapo. Kila nguzo inakuwa mlango wa joto. Namna ya kuziona ni rahisi: asubuhi yenye umande, simama nje utazame ukuta kwa mshazari. Mistari ya nguzo hujichora yenyewe, kwa kuwa umande haukai sawasawa na palipo na povu. Mchana pitisha kiganja ndani, utaisikia.

Tiba nyepesi ni kubandika povu la sentimita 1 au 2 juu ya nguzo zote upande wa ndani na kufunika kwa plaiwudi nyembamba. Tiba ya kweli, kwa anayejenga upya, ni kuacha chuma kwenye chasisi na kutumia vipande vya mbao nyepesi ya paina kwenye kingo na kuzunguka dirisha na mlango tu. Povu la sentimita 4 huzuia joto sawa na plaiwudi yenye unene wa sentimita 14 hivi, kwa hiyo kila ubao unaouweka katikati unakula faida hiyo.

Kama vyote viko sawa na bado kuna joto la jioni, tatizo ni hewa iliyokwama. Egesha tela tundu la chini likitazama upepo, kusi au kaskazi kutegemea majira, na tundu la juu likiwa upande wa pili.

Kona zimepasuka, mlango haufungi, ukuta unalia njiani

Pima mishazari miwili ya ukuta wa nyuma kwa futi, kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na kinyume chake. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5 wakati mwanzo zilikuwa sawa, chumba kimepinda. Rudia tela likiwa limefungwa kwenye gari na likiwa limewekwa juu ya matofali. Tofauti ikija na kuondoka, kinachopinda ni chasisi, na kuta zinateseka bure.

Lakini mara nyingi chasisi haina kosa. Kosa ni tundu la dirisha lililokatwa kwa pembe kali. Ufa huanzia hapo hapo kwenye pembe, kwa sababu nguvu zote za mtikisiko zinakusanyika kwenye ncha moja. Kata pembe za mviringo, nusu kipenyo sentimita 5 au zaidi. Kama ufa umeshaanza, toboa tundu dogo kwenye ncha yake lisiendelee, kwangua rangi upana wa kiganja, na ubandike vitambaa viwili vya fibaglasi kwa epoksi, ndani na nje.

Baada ya hapo angalia kona zenyewe. Kona iliyoshikwa kwa skrubu peke yake hulegea, maana skrubu inashika nukta, na barabara ya vumbi yenye mawimbi huitikisa nukta hiyo maelfu ya mara kwa safari moja. Kona inataka ukanda: epoksi nzito iliyosuguliwa kwa kijiko ikawa kama bonde laini ndani ya kona, juu yake kitambaa cha fibaglasi, na nje vivyo hivyo. Vaa barakoa na mikono mirefu unapopiga msasa fibaglasi; vumbi lake linawasha na halifai mapafuni.

Halafu tairi. Tela tupu lenye tairi zilizojazwa upepo wa mzigo mzima linarukaruka, na kila mruko unaishia ukutani. Springi zilizotolewa kwenye gari zito zinafanya hivyo hivyo.

SIMAMA: ufa kwenye chasisi, au kwenye mkono unaoshika kichwa cha kuvutia, ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi. Naye asichomelee chumba kikiwa juu ya chasisi. Cheche ikiingia kwenye povu, linawaka haraka kwa moshi mweusi mzito, na unaweza usione moto mpaka umefika paani. Chumba kishushwe kwanza. Ndiyo sababu kifungwe kwa bolti, si kwa kuchomelewa.

Madoa ya kutu, unga mweupe kwenye alumini

Hili ni la watu wa pwani, Shangani na Mchinga zaidi kuliko Masasi. Skrubu ya kawaida ikigusa alumini kwenye chumvi, metali mbili zinapigana na moja inaliwa. Osha tela kwa maji baridi ya bomba kila unapotoka ufukweni, pamoja na chini. Skrubu zinazotoa madoa zibadilishe kwa zisizoshika kutu, kila moja ikae na wosha ya plastiki na kizibio. Chuma cha chasisi kiswakiwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu. Kutu iliyotoboa chuma haitibiwi kwa rangi.

Vijia vya udongo, punje nyeupe sakafuni

Tela lililoegeshwa shambani tangu Februari mpaka Septemba ni nyumba ya mtu mwingine. Mchwa hufuata mbao, na sisimizi huchimba povu kwa makao tu, ndiyo zile punje nyeupe kama chumvi ya mawe unazozikuta chini. Angalia kwanza miguu ya tela na mkono wa kuvutia. Njia ya udongo ikipanda hapo, ibomoe, na tangu siku hiyo egesha juu ya vyuma au mawe, sio juu ya magogo. Nyasi zisiguse ukuta.

Mafuta ya ganda la korosho hufukuza mchwa kwenye mbao, na watu wengi huku wanayajua. Yapake kwenye mbao za chini tu, ukiwa na glavu, kwani yanababua ngozi vibaya, na yasiguse sehemu yoyote utakayobandika. Gundi haishiki kwenye mafuta. Panya wao huingilia tundu la waya, kwa hiyo ziba kwa wavu wa chuma.

Taa zinakatika, waya umekuwa mkavu

Ganda la plastiki la waya likigusana na povu jeupe kwa muda mrefu, kilainishi chake huhamia kwenye povu. Povu linaliwa, waya unakauka na kupasuka. Pitisha nyaya zote ndani ya paipu za umeme kabla ya kubandika ngozi. Mfumo wa sola wa volti 12 unaweza kuukagua mwenyewe ukianza na fyuzi. Ukuta ukiwa wa moto sehemu moja bila jua, au ukisikia harufu ya plastiki, toa waya wa betri uite fundi umeme. Kama kuna inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) ya volti 230, usifungue ukuta kabisa.

Tela ni zito, au linayumba likivutwa

Huu ndio mwisho wa misumari na papi zote zilizoongezwa. Lipime kabla ya kufikiria chochote. Mizani ya kupimia magunia ya korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, nje ya msimu, inafaa sana; omba kwa heshima na utaruhusiwa. Pima kichwa cha kuvutia kwanza, tela likiwa limesawazishwa na limepakiwa kama la safari, maji na vyombo ndani. Kisha pima tairi moja moja, ukiwa umeweka ubao wa unene sawa na wa mizani chini ya tairi ya pili na chini ya kichwa. Jumlisha zote tatu. Uzito wa kichwa uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya jumla. Ukiwa chini ya hapo, tela litapiga mkia likishuka mlima, na dawa ni kusogeza maji na betri mbele ya ekseli. Ukizidi, nyuma ya gari italala na mataa yatamulika miti.

Tairi za kushoto na kulia zikitofautiana sana, angalia ni upande gani uliwahi kupata maji. Plaiwudi iliyolowa ina uzito, na mara nyingine mizani ndiyo inayokuambia ukuta gani wa kufungua kabla hata hujaona doa.

Tela likiyumba ukiwa tayari barabarani, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, liache lipungue lenyewe, toka pembeni. Hamisha mzigo hapo hapo. Likiyumba tena kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa wakati uzito wa kichwa uko sawa, tatizo ni ekseli iliyopinda au beringi, na safari inaishia kwa fundi wa karibu, tela likiwa limebebwa.